Alikuangalia Ukikula?

Wenzangu ofisini wamenipa mshumaa. Hebu niambie wewe, mtu mzima anampaje mtu mzima mwenzake mshumaa, na stima ipo? Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba hii, tumekusanyika ofisini kwetu Migori, kila mmoja amechota kikaratasi chenye jina kutoka kwenye bakuli, na aliyechota jina langu ni msichana mpya wa mapokezi ambaye hata hanijui. Angenijua angeninunulia soksi. Nikafungua karatasi ya zawadi polepole, nikakuta glasi, ndani ya glasi nta nyeupe, na ubavuni picha ya kipande cha keki. Wakaniambia, nusa basi. Nikanusa.

Ilikuwa vanila. Mkono ukaenda wenyewe chini ya blauzi kugusa vialama vitatu nilivyo navyo upande wa kushoto, karibu na kitovu. Nilimshukuru yule msichana kwa maneno mazuri, nikautia mshumaa kwenye droo ya chini kabisa, nikafunga kwa ufunguo. Akaniuliza kama sijaupenda. Nikamwambia nimeupenda sana, na akaniangalia kwa namna ya mtu anayejua anadanganywa.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kufika shambani kwa mtu, kumsikiliza akiapa kwamba mpaka wake uko pale kwenye mkonge, kisha kwenda kupima mwenyewe. Kwa hiyo usinishangae nikiwa mgumu wa kuamini. Watu wakianza kuniambia jinsi Desemba za utotoni zilivyokuwa tamu, huwa nawasikiliza nikitafuta walipoongeza sukari. Lakini kuna Desemba yangu moja, nilipokuwa na miaka tisa, ambayo nimeipima kwa kila njia ninayoijua na bado inatoka tamu. Hiyo ndiyo inayonisumbua, maana ndiyo niliyoiharibu.

Nililelewa na nyanya yangu, mama ya baba, karibu na Kendu Bay, kati ya barabara na ziwa. Nyanya alikuwa amezika watoto wake wote watatu, wa mwisho akiwa baba yangu. Mama yangu alifuata mwaka huohuo. Nikabaki mimi. Ukitaka kumwelewa nyanya, anzia hapo, kwa sababu mimi nilichelewa sana kuanzia hapo.

Shule zilifungwa na mvua za mwisho wa mwaka zikiwa bado zinanyesha, na kazi ya sikukuu ikaanza mara moja. Nilibeba udongo mwekundu na ule mweupe wa kupaka kuta. Nyanya alichanganya kinyesi cha ng'ombe na udongo, akasiriba sakafu kwa kiganja, akirudi nyuma kinyumenyume mpaka mlangoni, na ole wako ukanyage kabla haijakauka. Nilisugua sufuria kwa majivu hadi vidole vikauma. Nilichambua mchele wa Krismasi, mawe huku, mchele huku, na karanga zilikaangwa kwa chungu jikoni mpaka nguo zetu zote zikanuka karanga hata kanisani. Jioni tulikula viazi vitamu vya moto na uji wa wimbi uliotiwa ukwaju, moshi ukipita chini ya paa la nyasi, na nje vyura wa ziwani wakipiga kelele.

Ila tulikula tumejificha. Kwetu kuna kitu kinaitwa sihoho. Ni jicho. Mtu mwenye sihoho akikuangalia ukila, chakula kile kinakugeukia tumboni, na hakuna dawa ya hospitali inayokifikia. Si lazima awe na nia mbaya. Wanasema mtu hurithi kwa mama yake, na pengine mwenyewe hajijui. Sasa wewe fikiria jinsi mtu kama huyo anavyoweza kujitetea. Nyanya alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe na wimbo mdomoni, lakini sufuria yake ilifunikwa na juu ya kifuniko akaweka jiwe. Akisikia hatua njiani, mlango wa jiko uliegeshwa. Mimi nilikula nimeuelekea ukuta. Hadi leo, wakinikaribisha mkahawani, natafuta kiti cha pembeni, na watu hudhani ni maringo.

Aliyeogopwa zaidi alikuwa jirani yetu, mjane aliyeishi nyuma ya ua wetu wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe unaowapofusha mbuzi. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mtu wa pale. Yeye mwenyewe alitoka pwani, na alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba za wageni wa nchi za nje kabla ya kuja kukaa kwenye boma la mumewe. Makosa yake yalikuwa mawili. La kwanza, Kiswahili. Sisi Kiswahili chetu tulikitumia sokoni na kwa chifu, tukikivunja tunavyotaka, na jioni tukarudi kwenye Dholuo, lugha ya nyumbani. Yeye alikinyoosha kama mtu anayesoma taarifa ya habari. "Kiswahili mingi hivyo ni ya nini?" nyanya alikuwa akisema. "Mtu anaongea hivyo anaficha nini?"

Kosa la pili lilikuwa macho. Alikuwa na ukungu kwenye macho yote mawili, na miwani iliyofungwa kwa uzi, kwa hiyo ili akutambue ilimbidi akukazie macho muda mrefu bila kupepesa. Alikazia watu, alikazia mbuzi, alikazia samaki sokoni. Watu walisema anakula kwa macho. Hakuna aliyesema kwamba haoni, ingawa kila mtu alimwona akipapasa mlango wake.

Nilifika kwake kwa sababu ya ungo. Nyanya alikuwa ameazima, nikatumwa kuurudisha na kuambiwa niuache mlangoni nirudi mbio. Akatoka, akanikazia macho, nami nikashika tumbo langu ingawa sikuwa nakula chochote. Akaniuliza, "Mwanangu, unajua kusoma?" Nikasema ndiyo kwa kiburi, na hapo ndipo aliponionyesha katoni. Ilikuwa imejaa vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vilivyoachwa na watoto wa wale aliowapikia. Alikuwa amevibeba safari yote hiyo, kisha macho yakamwishia. Nikamsomea ukurasa mmoja nimesimama. Nikamsomea wa pili nimekaa.

Nyanya angekataa, bila shaka. Lakini mwalimu wangu alikuwa ameandika kwenye ripoti ya kufunga shule kwamba naweza kusoma vizuri zaidi nikipata vitabu, na nyanya, ambaye hakujua kusoma, aliheshimu karatasi kuliko watu. Alifikiria siku mbili. Halafu akaniwekea sheria. "Soma. Lakini usikule kwa watu." Kila adhuhuri kabla sijaenda alinishindilia ugali mpaka nikashindwa kuinama, ili pasibaki nafasi. Na nikirudi alinisimamisha mlangoni, akasema fungua mdomo, akanusa. Nilijifunza kutafuna majani ya mpera njiani. Wiki nzima nikadhani nimemshinda akili.

Kwa sababu nilikula, kwa nini nikufiche. Ungekula hata wewe. Jirani alipika keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na badala ya sukari alitia sukari nguru inayotoka upande wa Awendo, nyeusi, aliyoiponda kwa mchi. Alitia mdalasini na iliki. Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye mabati kwa nguvu, nami nikapaza sauti ili hadithi isimezwe, na harufu ikawa inaongezeka kadiri kurasa zilivyopungua. Aliniita mwalimu. "Haya, mwalimu, tulimwacha yule binti kisimani." Nikikosea neno hakunikemea, alilirudia tu kwa sauti ya chini, kwa usahihi, kama anayejisemea. Kiswahili hiki unachosoma hapa ni chake. Sikukipata shuleni.

Kabla ya kuanza kusoma, aliwasha mshumaa. Mchana. Hiyo peke yake ingetosha kumfukuzisha, kama wamama wangejua, maana kwetu mshumaa ulikuwa wa siku stima inapokatika mjini na wa maiti nyumbani. Huu wake ulikuwa ndani ya glasi, alipewa siku aliyoaga kazi yake ya mwisho. Hakuuwasha ila Desemba, na hakuuacha uwake zaidi ya sura moja. "Huku ndiko kusubiri Krismasi," aliniambia. "Wengine wanasubiri nguo mpya." Chumba kizima kilijaa harufu ambayo sikuwa nimewahi kuinusa, tamu, laini, na ilikuja juu ya harufu ya mdalasini bila kugombana nayo. Nilifurahi mle ndani. Nasema waziwazi, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa nyanya, na nilijua kwamba hilo ni kosa.

Sasa sikiliza nilivyoingiwa na shaka. Ubavuni mwa glasi kulikuwa na picha ya keki nyeupe, na neno "vanilla", ambalo sikulijua. Katika kitabu chetu cha Kiingereza shuleni kulikuwa na picha ya watoto wa kizungu wamezunguka keki yenye mishumaa inayowaka juu yake. Nikajumlisha. Wazungu huwasha keki zao. Hii basi ni keki, tena ile yenyewe, nyeupe, ya kizungu, na huyu mama ananilisha ile nyeusi ya sukari nguru huku akiniwashia ile nzuri niinuse tu. Nilikaa na wazo hilo siku tatu na likanikasirisha sana. Unaona damu ya nyanya ilivyokuwa ikinifanya kazi. Mtu ananipa kila alicho nacho, na mimi nahesabu anachoninyima.

Siku ya nne, zikiwa zimebaki siku nane Krismasi, mvua ilianza ghafla na yeye akakumbuka nguo zake kwenye kamba. Akatoka akipapasa ukuta. Mshumaa ulikuwa bado haujawashwa. Nikachukua kijiko cha chai, nikachimba kandokando ya utambi, nikatia mdomoni. Haikuwa na ladha ya chochote. Ilikuwa kama sabuni ambayo imesahau kazi yake. Mtu mwingine angetema. Mimi nikawaza kwamba nikitema ataona, na kwamba pengine utamu uko chini zaidi. Nikala vipande vitatu, cha mwisho kikubwa kama punje ya njugu, nikameza vyote, nikasawazisha shimo kwa kidole gumba. Aliporudi amekumbatia nguo zenye maji nilikuwa nimekaa na kitabu mapajani. Akauwasha mshumaa wake. Nikasoma sura nzima bila kuelewa hata sentensi moja.

Jioni ile tumbo lilinikata. Sijui mpaka leo kama ilikuwa ile nta na manukato yake, au ule ugali wa kushindilia, au woga tu. Nilitapika uani, nyuma ya jiko, nyanya akinishika paji la uso. Baadaye akaniketisha kwenye mkeka, akanifuta mdomo na kanga yake, na kuniuliza kwa upole ambao sikuuzoea.

"Ulikula wapi?"

Nikasema kwa jirani.

"Alikuangalia ukikula?"

Nilijua jibu. Nilimwona kwa macho ya akili akiwa pale nje kwenye mvua, mikono juu, akitafuta vibanio kwenye kamba. Lakini ningesema hakuniangalia, swali lililofuata lingekuwa nilikula nini, na ningelazimika kusema nimekula mshumaa wa mtu, kwa wizi. Mwizi alichapwa. Mgonjwa wa sihoho alihurumiwa na kupikiwa uji. Nikasema ndiyo.

Kesho yake asubuhi aliletwa mama mzee kutoka juu mlimani, mwenye wembe na pembe ndogo ya ng'ombe. Wanawake wanne wa karibu walikuja kushuhudia. Akanichanja mara tatu hapa upande wa kushoto, akapaka dawa, akaweka pembe, akavuta kwa mdomo, akanung'unika, akavuta tena. Halafu akatema kitu kwenye kibuyu na kuwaonyesha. Kwa kawaida wenye kazi hiyo hutoa tonge la ugali au kipande cha nyama. Yeye alitoa donge jeupe. Likapitishwa mkono kwa mkono, na mwanamke mmoja akalinusa, akasema linanukia kama kwa yule mama. Basi, ikawa imekwisha. Mimi nililala pale nikiwa nimeshikwa na hofu kuu, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mshumaa. Nilichokula kilikuwa kimetoka kupitia ngozi yangu. Kwa miaka mingi niliamini hivyo, hata nilipokuwa chuo, nikisoma hesabu za pembetatu mchana na kujigusa vile vialama nikilala.

Jirani alikuja siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana, na chupa ya uji. Nilimsikia kutoka kitandani.

"Nimeambiwa mwalimu wangu anaumwa."

"Mwalimu yako ako sawa," nyanya akasema. "Rudi tu."

"Naomba nimwone kidogo, mama."

"Umemwona ya kutosha."

Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alikuwa mtu mwenye akili na alikuwa ameishi pale miaka kadhaa. Alisema, "Sawa, mama," akaiacha chupa chini mlangoni. Nyanya aliumwaga ule uji kwenye mtaro. Nilikuwa na sauti. Dirisha lilikuwa wazi. Nikajifunika shuka.

Krismasi kwetu watoto hubeba sahani. Kila nyumba hutuma chapati, mchele na nyama kwa nyumba nyingine, na sahani haitakiwi kurudi tupu, kwa hiyo siku nzima ni watoto tu njiani na vitambaa vya maua juu ya sahani. Mwaka huo hakuna aliyetumwa kwake. Yeye, kwa kuwa hakuwa na mtoto, alizibeba mwenyewe, sahani sita za keki, nyumba kwa nyumba, akipapasa njia. Walizipokea kwa heshima. Walimwambia asante sana. Alipofika barabarani, kila nyumba iliwatupia kuku. Ya kwetu niliitupa mimi, kwa kutumwa, na nilisimama nikawatazama kuku wakigombania ile keki nyeusi ya sukari nguru niliyokuwa nimeidharau. Nililia, na nyanya akasema bado tumbo linaniuma.

Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, gari dogo la mizigo lilikuja. Alipakia kitanda, sufuria na katoni. Watu walisema anahamia Homa Bay mjini, ambako hakuna anayeangalia mwenzake. Kabla ya kupanda alisimama karibu na ua wa ojuok, akaugeuza uso wake upande wa nyumba yetu, akakaza macho. Wanawake waliokuwa njiani waliwavuta watoto wao nyuma ya sketi. Alikaza muda mrefu sana. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa gauni la njano, hatua labda arobaini, na mimi peke yangu nilijua kwamba anatafuta tu kuona kama nipo. Sikuinua mkono.

Hiyo ndiyo Desemba yangu. Nimeibeba zaidi ya miaka ishirini bila kumwambia mtu. Na ule mshumaa wa ofisini, uliofungiwa kwenye droo, ulininyima raha wiki nzima, mpaka Jumamosi iliyopita nikapanda gari kwenda Kendu Bay. Nyanya yupo, amezeeka, amekonda, ila kichwa chake kinafanya kazi kuliko changu. Tulimenya karanga. Siku hizi jiko lake ni la gesi, paa ni la mabati, na ule ua ulikatwa zamani, siku hizi pale kuna mahindi ya mtu asiyetujua. Nikamwambia yote. Kijiko, utambi, vipande vitatu, nguo kwenye kamba.

Hakuacha kumenya. "Nilijua," akasema.

Nikadhani hajanisikia.

"Ulitapika mbele yangu. Niliona hiyo kitu nyeupe. Nilichukua, nikanusa. Hiyo si chakula, si hata ugonjwa. Unafikiri mimi sijui msumaa?" Nyanya hajawahi kuimudu ile shi yetu, kwake ni msumaa, samba, na sule. "Ile ya kwenye kibuyu, ni mimi nilimpatia yule mama mzee."

Karanga zilinimwagika. Akaziokota moja moja na kuzirudisha kwenye ungo, kisha akaniambia kilichobaki, kwa Dholuo sasa, polepole. Wiki moja kabla ya tumbo langu, jirani alikuwa amekuja kwake asubuhi nikiwa ziwani kuteka maji. Tangu hapo alikuwa ameshapanga kuhamia Homa Bay, nduguye marehemu mumewe alikuwa amempatia chumba. Aliomba anichukue. Nisome shule ya mjini, nikae naye, nirudi likizo. Alisema mtoto huyu ana kichwa na usifiche kichwa kama hiki chini ya jiwe la sufuria. Nyanya hakumjibu ndiyo wala hapana. Aliniambia alimtazama akiondoka na kufikiria jinsi nyumba itakavyokuwa jioni.

"Ningebaki na nani?" akaniuliza. Alikuwa anauliza kweli, kama vile bado nina nafasi ya kumjibu. "Wangesema tu nimemnyima mtoto elimu. Mwalimu angekuja, chifu angekuja. Lakini sihoho, hakuna anayeuliza."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namhurumia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja. Ndipo akanigeukia, akarudi kwenye Kiswahili chake, sijui kwa nini, labda ili maneno yasiwe karibu sana na moyo.

"Lakini mimi nilikuuliza. Unakumbuka? Kama ungesema hapana, hakuniangalia, mimi ningewacha uende na yeye. Ningesema ni Mungu amekataa. Nilikuachia wewe."

Sijui kama hilo ni kweli. Nimeligeuza kila upande tangu Jumamosi. Nyanya ni mtu wa kujua kugawa mzigo, na mzigo ukigawanywa na mtoto wa miaka tisa hauonekani mzito tena. Inawezekana ameyatunga hayo baadaye, katika miaka ya kukaa peke yake, apate usingizi. Inawezekana pia kwamba jioni ile alinishika uso kwa upole kwa sababu alikuwa anangoja, kweli anangoja, nimzuie. Namshuku na namwamini, na nikimshuku ndipo ninapopata nafuu, jambo linalonifanya nijishuku mimi.

Nikamwomba aniambie jirani yuko wapi. Nilikuwa nimeshapanga, ningekwenda hata pwani. Akasema alifariki. Miaka sita au saba iliyopita shemeji yake alipita kwetu kutoa habari, na akasema kwamba mwishoni hakuwa akiona kabisa, na kwamba alikuwa akiwauliza wauguzi kama wanajua kusoma. Nyanya hakuniambia kwa sababu, alisema, sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo hakuna tena. Zile nyumba zilizotupa keki zina watu wengine, yule mama wa mlimani alikufa zamani, katoni sijui iliishia kwa nani, na watoto wa siku hizi pale kwetu hubeba sahani Krismasi na simu mkononi bila kufunika chochote. Hakuna wa kuitwa shahidi, na hakuna wa kuombwa msamaha. Umebaki wewe uliyesoma mpaka hapa, basi nakujibu wewe lile swali, vile nilivyopaswa kulijibu nikiwa kwenye ule mkeka. Hapana, nyanya. Hakuniangalia. Alikuwa nje kwenye mvua, anaanua nguo.